Mbabula ya Mama Véro na Resini ya Direkta

Ndiyo, ni mimi. Ile habari mliyoisikia ya mwanamke wa labo, maabara ya kiwanda, aliyempiga mgeni mkono mbele ya wakubwa, mpaka beignet, andazi la mafuta, ikaruka ikatua kwenye shati lake jeupe, ni mimi huyu huyu, Bibiane, msiulize tena, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza kusimulia sitaki kusikia pua ya mtu inapumua vibaya. Aibu nimeipata, nimetembea nayo kutoka kiwandani mpaka kanisani, na hata kwenye kwaya kuna wanaoniita Mama Beignets wakidhani siwasikii. Lakini nikikumbuka siku ile haianzi aibu kunipanda, inaanza hasira, ile ya kukufanya uvunje sahani wakati unaosha vyombo (mume wangu shahidi, siku hizi ananiambia niache, ataosha mwenyewe).

Nianzie nyuma kidogo ili tuelewane. Nafanya kazi, au tuseme nilikuwa nafanya, katika labo ya kiwanda kimoja cha mabomba ya plastiki hapa Lubumbashi, na mkisikia labo msiwaze mambo makubwa, ni chumba kimoja nyuma ya stoo, dirisha moja, feni moja iliyokufa. Mabomba yanatengenezwa kwa resini, vile vichembe vya plastiki vinavyokuja kwenye magunia, vidogo kama mchele, unavimwaga juu ya mashine, vinayeyuka, bomba linatoka upande wa pili. Kazi yangu ni kuikagua resini kabla haijamwagwa, na ninachopima ni uzito wa molekuli zake. Msikimbie! Plastiki ndani yake ni nyuzi, ndogo mno hazionekani, zikiwa ndefu zinashikana kama nywele zilizosukwa, bomba linakuwa na nguvu, maji yakisukuma halitikisiki. Zikiwa fupi, zimekatika-katika, hazishikani, na bomba linang'aa vizuri siku ya kuuzwa halafu linapasuka siku ya kazi. Sasa huwezi kuchukua uzi mmoja wa namna hiyo ukauweka kwenye mizani. Unachofanya, unayeyusha resini kidogo katika dawa yake, unaitia ndani ya mrija mwembamba wa kioo, mrija unasimama katikati ya mafuta ya moto ambayo joto lake halitakiwi kupanda wala kushuka, halafu unashika saa unaangalia inateremka kwa muda gani kutoka alama ya juu mpaka alama ya chini. Yenye nyuzi ndefu inajivuta. Yenye nyuzi fupi inakimbia. Basi, miaka yote niliyokaa chuo nimewapa bure.

Wakati ule tulipata kazi ya mabomba ya mradi wa maji wa Ruashi, upande wa pili wa jiji, na hapo ndipo jambo lilipoingia nyumbani kwangu, kwa sababu mama yangu amejenga Ruashi, nyumba yake mwenyewe, alihangaikia kila tofali, na tangu ahamie anachota maji kwenye kisima cha jirani kwa bidon, lile dumu la njano, na goti lenyewe bovu, kila mwaka anaambiwa maji yanakuja. Niliposikia mabomba yanatoka kwetu nilimpigia simu siku hiyo hiyo, nikamwambia, mama, safari hii ni mimi mwenyewe nitapima, hakuna bomba bovu litakalofika kwako. Akafurahi jamani! Akatangaza mtaa mzima kwamba maji yanayokuja yamepimwa na mtoto wake.

Halafu resini ikafika, na haikuwa ile tuliyoizoea. Ilipita Mokambo, mpakani na Zambia, imeletwa na binamu yake Direkta, mkubwa wa kiwanda, magunia yameshonwa mara ya pili kwa uzi wa rangi nyingine, vichembe vimefifia vina rangi ya kijivujivu, ukichovya mkono ukainusa unasikia kitu kilichowahi kuungua. Nilijua hapo hapo: plastiki ya zamani imeyeyushwa tena, imechanganywa na mpya kidogo, imetiwa kwenye gunia zuri. Nikaenda ofisini kwa Direkta. Direkta wetu ni mtu wa suti na manukato, anaongea taratibu na anatabasamu hata anapokutukana.

"Bibiane," akasema, "weye kila siku unatafutaka makosa. Bageni ba mradi banakuya leo midi, saa sita, banataka kuona bomba ya kwanza inatoka. Kama uko na résultat, leta, nitasikiliza. Kama hauna, tunaanza."

Nikamwambia sawa, majibu ya kipimo nitaleta. Nikarudi labo, nikawasha kifaa cha mafuta, joto likaanza kupanda, na kabla halijafika popote, pap! Umeme ukakatika.

Sasa sikieni vizuri hapa, maana hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Kiwanda kina jenereta. Nilikuwa naisikia inanguruma ng'ambo ya ukuta, inapasha moto mashine ya mabomba. Nikarudi kwa Direkta mbio, nikaomba waya mmoja tu, wa labo.

"Mazout iko ya machine," akasema, yaani dizeli ni ya mashine tu, hata macho hakuinua kwenye simu. "Labo itangoya."

"Direkta, nikingojea, bageni batakuta hakuna résultat."

"Njo hivyo. Tutaanza." Akatabasamu. "Fanya na akili, Bibiane. Weye si chimiste?"

Mnamuona? Ananinyima umeme, halafu ananidai kipimo, halafu nisipokuwa na kipimo ndiyo ruhusa yake ya kumwaga takataka za binamu yake kwenye mashine! Ningekuwa mtu mwenye akili ningekaa kwenye kiti changu, nikakunja mikono, nikasema hakuna umeme hakuna kipimo, na mbele ya wageni ningelisema hilo hilo kwa sauti. Lakini lile neno lake, fanya na akili, liliniingia vibaya. Nikasema moyoni, kumbe unanijaribu, utaona. Na uamuzi ule mdogo, wa mwanamke aliyekasirika amesimama kwenye korido, ndio ulionifikisha hapa.

Nikatoka mpaka getini kwa Mama Véro. Mama Véro ni mama wa makamo, anauza beignets pale kwenye geti letu, yale maandazi madogo ya duara, na kiwanda kizima saa ya mapumziko kinakula kwake, hata Direkta hutuma mtu kisirisiri. Ana mbabula, lile jiko la makaa la bati, na siku ile lilikuwa limeshakolea vizuri.

"Mama Véro, niazime moto kidogo," nikamwambia. "Na mafuta, kama iko mupya."

"Kamata tu, mama. Lakini saa ya pause isinikute bila moto, bantu bangu banakuyaka na njaa."

"Nitamaliza mbele ya pause," nikasema. Sikumweleza ninakwenda kufanya nini, wala yeye hakuuliza. Hapa kwetu mtu akikuomba moto unampa, huanzi kumhoji.

Basi tukabeba mbabula mpaka uani, nyuma ya labo, mahali penye hewa, kwa sababu ile dawa inayoyeyusha plastiki inashika moto (wanafunzi wa kemia mnaonisikiliza, msijaribu kitu hiki, nami ndoo ya mchanga nilikuwa nayo pembeni, wazimu wangu siku ile ulikuwa na mpaka). Juu ya makaa nikaweka karai la mchanga, juu ya mchanga birika langu kubwa la kioo kigumu, nikamimina mafuta ya labo, hayakujaza, nikaongeza ya Mama Véro, chupa nzima. Mrija ukasimama katikati, kipimajoto pembeni. Nikawa natoa kaa moja, naongeza nusu, natoa, naongeza, jasho linanitiririka ndani ya koti jeupe, na ua mzima unanukia jikoni.

Mnaweza kuwaza wafanyakazi wenzangu. "Madame, leo tunakula kwenu?" "Madame, moya bei gani?" Mmoja akaleta sahani kabisa. Nikawafukuza kwa ile fimbo ya kusogezea makaa.

Lakini bandugu, nilifaulu! Joto lilikaa pale pale nilipolitaka, kwa makaa, kwa macho yangu mawili na kwa hasira. Kwanza nikapima resini yetu ya zamani, ile nzuri, ikateremka ikijivuta kama ilivyo desturi yake. Nikasafisha mrija, nikatia ile ya binamu. Ikakimbia. Sikuamini, nikarudia, ikakimbia vile vile. Nyuzi zilikuwa zimekatwa, bomba la resini ile halitoshi hata kumwagilia mchicha, sembuse kupeleka maji Ruashi nzima. Nilipiga makofi peke yangu pale uani. Nikaacha kila kitu kilivyo, mafuta yanachemka, mrija umesimama, kwa sababu nilitaka Direkta aje aone kwa macho yake mwenyewe, nikakimbia ofisini.

Wageni walikuwa wameshafika, mapema. Mlango uko wazi nusu, nawaona wanakunywa soda, Direkta akaniona, akaninyooshea kiganja, ngoja. Nikangoja. Nikafungua mdomo, akanyoosha kiganja tena, huku anacheka na wageni. Nikangoja kwenye korido kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na king'ora cha mapumziko kikalia, nikakisikia kwa masikio yangu, na haikunijia hata kidogo kichwani kwamba kuna mtu nimemwahidi moto wake.

Mama Véro alikuja kuuchukua. Akakuta moto wake, mafuta yake (kwa kuyaona na kuyanusa ni yake), yanachemka bure, mwenyewe hayupo, na watu wake wameshamfuata nyuma na njaa. Mngefanya nini? Alileta beseni la unga wake uliokandwa, akaanza kudondoshea. Na kwa kuwa joto la kupimia plastiki ni dogo kwa beignet, zikawa nyeupe, zinanyonya mafuta tu, basi akachukua kifuniko akapepea makaa kwa nguvu zote.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichoona ni Direkta anatoka na wageni wake, ananipita, ananiambia "baadaye, Bibiane, baadaye," anawaongoza kwenye mashine, na njia ya kwenda kwenye mashine inapita uani. Nami nyuma yao, nasema Direkta, Direkta, kipimo kipo, ananipungia mkono bila kugeuka. Tukapinda kona.

Foleni ya wafanyakazi. Mbabula inawaka inatoa cheche. Na ndani ya birika langu la kioo, kila mtu anaona wazi, beignets zinazunguka, moja baada ya nyingine, zinaugonga mrija wangu kwa upole, tik, tik, zinaendelea na safari yao. Mama Véro anazigeuza kwa kijiko changu cha labo.

Direkta alisimama kama amegonga ukuta. Lakini mkubwa wa wageni, ingénieur, yaani mhandisi wa mradi, mtu mnene mpole mwenye shati jeupe limepigwa pasi, akasogea akainama.

"Hii njo nini?" akauliza.

"Karibu, papa," akasema Mama Véro, maana ana adabu zake, mgeni hapiti kwake mikono mitupu. "Onja. Leo mafuta haina nguvu, lakini onja tu." Akamfungia moja kwenye karatasi, na yule baba kwa heshima akaipokea, akaipeleka mdomoni.

Mimi nikawaza nini? Nikawaza mafuta ya labo. Nikawaza dawa iliyodondoka nilipokuwa nautoa na kuurudisha mrija. Sikuwaza shati. Niliruka, na mkono wangu ukampiga ingénieur wa mradi kwenye kifundo cha mkono, paa!

"Usikule! Iko na dawa!"

Beignet ikapaa, ikamshukia kifuani, ikateremka polepole mpaka kwenye mkanda ikiacha barabara ya mafuta. Halafu kwenye foleni, mtu mwenye mdomo umejaa akauliza kwa sauti ndogo, "Dawa?" Na hapo ndipo dunia ilipoharibika. Huyu anatema, yule anaingiza kidole kooni, mwingine anakimbilia bomba la maji (kiwanda cha mabomba, na bomba la uani halitoi maji, nalo nililikasirikia), wengine wanapiga kelele eti wamepewa sumu, maziwa yakaanza kutafutwa mtaa mzima. Hakuna aliyeugua, asante Mungu, zile beignets zilikuwa mbichi kiasi kwamba wengi hawakuwa wamemeza.

Direkta akajipangusa uso. "Pardon, bakubwa, pardon. Huyu mama ni wa labo, eko muchoko."

Mchovu! Damu ikanichemka. Nikapaza sauti mbele ya wote, nikijua nikinyamaza sasa basi imekwisha. "Resini ni mubaya! Nyuzi yake imekatika yote, hii bomba itapasuka! Nimepima, nimepima mara mbili!"

Yule ingénieur alikuwa anajifuta shati kwa kitambaa. Akaniangalia, na nitamtendea haki, aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Ulipimia wapi, mama?"

Nami nikanyoosha kidole.

Nilikinyoosha, bandugu zangu, kwenye birika, kwenye beignets, na moja ikachagua saa ile ile kujigeuza mgongo. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Walicheka wafanyakazi waliokuwa wanatapika, walicheka wageni, alicheka mlinzi, na Direkta ndiye aliyecheka zaidi ya wote, kwa raha, kwa sababu nilikuwa nimemkabidhi zawadi.

"Mu hii mafuta ya beignets?" akauliza ingénieur, na yeye midomo inamcheza.

"Nilipima kwanza! Beignets ilikuya nyuma!"

Hayo maneno wameyafanya wimbo. Mpaka leo fundi yeyote wa kiwanda kile akitaka kumfurahisha mwenzake anasema, beignets ilikuya nyuma. Na mimi niliyasema huku nalia, na siyo kwa aibu, nililia kwa sababu nilikuwa na ukweli mkononi na hakuna aliyetaka kuupokea kwa kuwa ulinukia mafuta.

Wakaenda kwenye mashine. Bomba la kwanza likatoka, jeusi linang'aa, wakapiga makofi nikiwasikia. Kesho yake umeme ulirudi, nikapima tena, kwenye kifaa safi, bila makaa, bila Mama Véro, jibu likawa lile lile, nikampelekea Direkta mkononi. Akaniuliza kama nimeleta menyu. Mashine ilikuwa imekesha inafanya kazi, na magunia ya binamu yalikuwa yamebaki matupu.

Mama Véro walimfukuza getini. Nilimfuata kwake kumrudishia mbabula, nikamwomba radhi, akanisikiliza, akasema, "Bibiane, ungeniambia tu ni ya nini. Mi ningengoya." Hakunigombeza. Nilirudi nyumbani nimechafuka zaidi kuliko kama angenimwagia yale mafuta.

Mabomba yakapelekwa Ruashi, yakafukiwa, na siku ya kujaribu maji mama yangu alinipigia simu, watoto wanapiga kelele nyuma yake. "Bibiane! Maji imefika!" Kabla sijashangilia akaongeza, "Lakini inatokea mu barabara." Mabomba yalikuwa yamepasuka kwa urefu wake, hapa, pale, mbele ya kanisa, mbele ya kwake.

Mradi ukaja juu, wakaitisha kikao. Nikafikiri, sasa. Sasa watanisikiliza. Direkta akasimama na suti yake, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba tatizo la kiwanda ni labo, na waheshimiwa mlijionea wenyewe namna yule mama anavyofanya kazi. Vipimo vyake tutaviamini vipi? Ingénieur akaniangalia, nikaona anakumbuka shati lake, akatikisa kichwa. Nikasimamishwa kazi mimi. Mimi! Binamu yuko Mokambo, anashona magunia.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: umeme ukikatika, nitakaa kitako. Mtu mwenye jenereta akiniambia nifanye na akili, akili yangu itamwambia awashe jenereta, na asipowasha nitasema mbele ya wageni wote kwamba yeye ndiye aliyezuia kipimo, na koti langu litakuwa safi. Sitawasha makaa tena kumfichia mtu uovu wake kwa bidii yangu. Kamwe.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Mtaro bado uko wazi mbele ya mlango, wamefukua mabomba wakaondoka, sasa anauruka na goti lake na bidon lake, na majirani waliotangaziwa wanamwangalia. Yeye hanicheki, afadhali angenicheka. Alitua bidon, akashika kiuno, akaniuliza polepole, bila ubaya wowote:

"Lakini, mwanangu, weye ulisema utapima. Ulipima?"

Nilipima, mama.